Neno Jema kwa Mtani

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo: Jumamosi kocha anakuja, wafanyakazi wote wahudhurie. Halikusema kocha wa nini. Kiwanda kile cha kukamua alizeti pale Shelui kilikuwa na timu ya mpira, na timu yenyewe ilikuwa imefungwa na wapiga debe, ikafungwa na walimu, ikafungwa mpaka na wauza vitunguu ambao golikipa wao ana jicho moja. Kwa hiyo watu walifurahi. Wakasema afadhali meneja kafumbua macho. Jumamosi asubuhi wakaja na jezi zao. Waliokuwa na njumu walizining'iniza shingoni, na Mughwai akaja amevaa soksi nyekundu mpaka magotini, mtu mzima mwenye kipara.

Gari likaingia getini, akashuka mwanamke wa makamo ya kuolewa na kuachika, suti ya kijivu, raba nyeupe, mkononi spika ndogo ya muziki.

"Huyu atacheza namba ngapi?" Hezekia akauliza.

"Yako," akasema Mughwai. "Wewe unakwenda benchi, Mnyiramba. Benchi la mbao, ulikalie na huo mgongo wako ulioliwa na mchwa."

"Mgongo wangu umeliwa na mchwa, kichwa chako kimeliwa na nini? Hata chawa walihama kwa kukosa kivuli."

Watu wakacheka. Mama Amne, aliyekuwa anapika chakula cha kiwanda, akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Mughwai alikuwa Mnyaturu wa Mtinko, Hezekia Mnyiramba wa hapo hapo, na makabila hayo ni watani tangu zamani. Mtani anakutukana na hukasiriki, ukikasirika wewe ndiye mjinga. Mtani anaingia kwako anachukua kitu mbele ya macho yako, unapiga kelele kidogo kwa ajili ya majirani, basi, kimekwenda. Wale wawili walikuwa wasimamizi wa zamu, mmoja ya asubuhi, mmoja ya mchana, na kila wanapopokezana mashine walitukanana kwanza ndipo wakapeana funguo. Siku mke wa Mughwai alipokufa, Hezekia alisafiri mpaka Mtinko, akaruka ndani ya kaburi lililochimbwa, akalala humo chali. Akasema hatoki mpaka apewe mbuzi, maana marehemu alikuwa anampikia yeye na si yule fisi wa kiume anayejiliza pale juu. Mughwai alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uingie. Akacheka, akaomba uji.

Hayo kocha hakuyajua, au aliyajua kwa namna yake.

Jina lake Jesca. Alipoona jezi akacheka vizuri tu, akasema yeye si kocha wa mpira, ni kocha wa ustawi kazini. Anatembea viwandani na maofisini kufundisha watu wafanye kazi kwa moyo mweupe, wasibebe mizigo ya ndani.

"Mizigo ya ndani tutaitua," akasema mbebaji mmoja wa magunia. "Hii ya nje nani anaitua?"

Clement, meneja, akamtazama yule mbebaji, na yule mbebaji akafunga mdomo. Clement alikuwa kijana wa suruali ya kubana aliyeletwa na mwenye kiwanda kutoka Mwanza. Hakuwa na kelele. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo kila mzee kiwandani, hakumruka hata mmoja, na wazee aliowaachisha kazi msimu uliopita aliwaamkia kwanza ndipo akawapa barua.

Mambo ya kiwanda hayakuwa mazuri na kila mtu alijua. Mwaka ule mvua ilikata mapema, alizeti ikazaa mapepe, unakamua gunia zima unapata mafuta ya kukaangia samaki mmoja. Matanki yakawa nusu. Mwenye kiwanda hakutaka kusikia habari ya mapepe. Akasema zamu zitabaki moja, na zamu moja haina wasimamizi wawili. Katika Hezekia na Mughwai mmoja angebaki.

Kwa Mughwai hilo lilikuwa baya. Kwa Hezekia lilikuwa kifo. Ujana wake wote aliumaliza chini ya magunia, akapandishwa kuwa msimamizi siku uti wa mgongo ulipogoma. Usimamizi una kiti. Bila kile kiti, kazi iliyobaki kiwandani ni magunia, na Shelui nzima hakuna kazi nyingine ya mtu wa umri wake isipokuwa kulinda, na walinzi nao wanatakiwa wakimbie.

Siku ile ile Jesca akaanza kuita watu mmoja mmoja kwenye chumba cha mizani. Alitundika pazia, akaweka viti viwili vinavyotazamana. Alimwambia kila mtu: "Hapa uko huru. Ongea kama unaongea na dada yako."

Akamuuliza Hezekia anaishije na mwenzake Mughwai.

Hezekia akaona swali zuri. Dada wa mjini, mcheshi, kamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, kamuuliza habari za mtani wake. Angejibu nini?

"Nani, Mughwai? Mwizi yule," akasema. "Mafuta unayoona hayapo kwenye matanki, yako Mtinko kwa mashangazi zake. Wanapaka miguuni. Ndege ikipita usiku rubani anaona miguu inang'aa, anadhani uwanja wa ndege, anataka kutua."

Akacheka peke yake. Jesca alitabasamu kidogo.

"Mzee wangu, umesema kwa utani."

"Sasa nisemeje, dada? Ndiye mtani wangu."

"Najua utani. Hata mimi nina watani. Lakini kazi hii imenifundisha jambo moja, nyuma ya kila utani kuna kidonda. Mtu anayeogopa kusema kweli anaivika nguo ya kuchekesha. Mimi sisikilizi nguo."

Hezekia hakuelewa. Akamwona ni mtu wa maneno mazuri, akaitikia, "Kweli kabisa," kama tunavyowaitikia watu wa namna hiyo ili tutoke.

Akaingia Mughwai na soksi zake. Jesca akamuuliza swali lile lile.

"Hezekia? Ananitukana kila siku iliyoumbwa na Mungu," akasema Mughwai. "Ananitukania mama, ananitukania kipara, ananitukania mpaka punda wa baba yangu. Siku asiponitukana silali."

"Hulali?"

"Silali, dada. Najigeuza tu."

Jesca akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mughwai. Macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa ya kweli, tusimwonee. Akamwambia, "Pole sana, kaka. Umevumilia mengi." Mughwai akatoka nje anashangaa, akamwambia Mama Amne kwamba anadhani yule dada kamtamani.

Jioni Jesca akakaa na Clement kumpa mrejesho. Alisema hawezi kutaja majina, maana ameahidi siri. Akasema tu kwamba kati ya wasimamizi wawili, mmoja ananyanyaswa kwa maneno na mwenzake mpaka usingizi umepotea. Na yule anayenyanyasa, kwa upande wake, ana jambo zito moyoni, anajua kwamba mwenzake anaiba mafuta, ila anaogopa kulisema wazi.

Clement akamshukuru. Akasema siri ni kitu kikubwa.

Jumatatu likabandikwa tangazo lingine, la heshima kazini. Kifungu cha kwanza: ni marufuku kutukana, kukejeli, kutania au kumsingizia mfanyakazi mwenzako. Watu wakalisoma wakabaki wanatazamana. Zamu ilipopokezana, Mughwai na Hezekia walisimama wanatazamana kama watu waliosahau walichotumwa. Mwisho Hezekia akampa funguo.

"Habari za kazi," akasema.

"Nzuri," akasema Mughwai. Wote wakaangua kicheko kwa namna lilivyosikika baya.

Kesho yake Clement akamwita Hezekia ofisini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bosi."

"Kaa, mzee wangu. Kaa taratibu. Mgongo unaendeleaje?"

"Tunaishi nao."

"Pole sana. Sikuweki muda. Ulimwambia kocha kwamba Mughwai anaiba mafuta. Nataka neno moja tu. Ulikuwa unatania, au ulikuwa unasema kweli?"

Hezekia akacheka. Clement hakucheka, akamsubiri amalize.

"Bosi, si unajua sisi na Wanyaturu..."

"Mimi sijui kitu, mzee. Mimi najua kilichosemwa. Ukisema ulitania, maana yake umemsingizia mwenzako wizi mbele ya mgeni wa kampuni. Hicho ni kifungu cha kwanza, utaondoka wewe. Ukisema ni kweli, ataondoka yeye, na kiti kitabaki chako. Mimi sina upande."

"Na nikinyamaza?"

"Mtaondoka wote wawili. Mimi nitapumzika." Akainuka kumfungulia mlango kwa mikono miwili. "Ijumaa kocha anarudi, tutakaa duara. Utasema mbele ya wote, ili wasije wakasema meneja kamwonea mtu. Msalimie mama."

Habari ya ofisini haikai ofisini. Mama Amne alikuwa anapeleka chai, akasikia, akamwambia Mughwai. Mughwai alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mnyiramba kamtangaza mwizi serikalini! Hii ilikuwa kubwa kuliko zote, na kubwa kama hiyo ina faini yake.

Alhamisi alizeti iliisha, mashine zikazimwa mapema, na jua likiwa bado juu alifika nyumbani kwa Hezekia. Hakubisha hodi. Alivua kofia akaanza kumfukuza jogoo uani, jogoo mkubwa mwekundu, wale wa Singida wanaosafirishwa kwa matenga mpaka Dar. Walizunguka jiko, wakazunguka banda, akamkamata mguu.

"Shemeji, usinitazame hivyo," akamwambia Kristina, mke wa Hezekia, aliyekuwa anapepeta mtama. "Mumeo kanipandisha cheo. Juzi nilikuwa msimamizi, leo ni jambazi. Jambazi anakula nini? Anakula jogoo."

Kristina aliendelea kupepeta. Hezekia alitoka ndani, akaona, akapiga ukunga kama inavyotakiwa: "Jamani, Mnyaturu ananimaliza! Majirani, mwizi!" Jirani mmoja akachungulia, akaona ni Mughwai, akarudi kwenye shughuli zake.

Wakakaa kwenye gogo, jogoo kwapani.

"Kesho utasema?" Mughwai akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nitasema."

"Wewe sema tu, nilimtania. Watakufanya nini? Nani aliwahi kufukuzwa kazi kwa utani? Na mimi nitawaambia kiti wakuachie wewe. Mimi bado nina mgongo, nitarudi kwenye magunia. Nimeshafikiri."

"Utarudi kwenye magunia?"

"Kwa muda. Msimu mzuri ukija watafungua zamu ya pili. Au nitakusubiri ufe, huna siku nyingi, unanuka udongo tayari."

Hezekia akacheka. Akasema tena, "Nitasema." Na nadhani wakati ule alimaanisha.

Mughwai alipoondoka na jogoo, Kristina aliweka ungo chini.

"Kiti watakuachia kwa sababu yeye kasema?"

"Ndivyo anavyosema."

"Meneja kasema hivyo?"

Hezekia akaokota unyoya wa jogoo chini.

"Meneja kakwambia ukisema utani unaondoka wewe. Hakukwambia habari ya kubadilishana viti. Huyu ana mgongo, ana mikono, hana mke wa kulisha, akifukuzwa hapa atapata kwingine. Wewe nani atakuchukua? Nitakubeba mimi?"

"Ni mtani wangu, mama."

"Utani tuupike? Utani unachemka chunguni? Hata huyo jogoo tulikuwa naye mmoja, sasa anakwenda naye, na wewe umekaa unachekacheka." Akachukua ungo wake. "Mwizi ni mtu anayechukua kitu cha mtu. Mimi nimeona kwa macho."

Ijumaa walipanga viti vya plastiki duara kwenye uwanja wa kuanikia. Jesca alikuwa ameomba mpira wa timu. Akasema anayeshika mpira ndiye anayeongea, wengine wanasikiliza kwa moyo. Aliweka muziki laini kwenye ile spika, wa maji yanayotiririka, ikabidi auzime kwa sababu malori ya barabarani yaliufunika na mbuzi wa jirani walikuja wakidhani kuna maji.

Mpira ukazunguka. Watu walisema wanashukuru, wanajifunza, wanamwomba Mungu. Ukafika kwa Hezekia, akauweka magotini.

"Mzee wangu," akasema Jesca kwa upole, "hapa hakuna hukumu. Kuna neno ulilibeba muda mrefu. Litue."

"Lile la mafuta, mzee," akasema Clement. "Ulitania, au ni kweli?"

Watu wote wakamtazama. Mughwai alikuwa upande wa pili wa duara, amekunja mikono, anajitayarisha kucheka. Hezekia alitazama mpira, akatazama rundo la magunia yaliyoshushwa asubuhi ile, yamepangwa mpaka dari ya stoo.

"Huyu bwana," akasema, "ana mkono mrefu."

"Mkono mrefu vipi? Umemwona akichukua kitu?"

"Nimeona."

"Kitu gani?"

"Jana," akasema Hezekia. "Jana kaingia uani kwangu, kachukua jogoo."

Mama Amne akasema, "Hezekia!" Basi. Hakuna mwingine aliyesema. Pale palikuwa na Wanyiramba, na Wanyaturu, na Wasukuma wawili, hakuna hata mmoja asiyejua jogoo wa utani ni nini. Lakini zamu zilikuwa zinabaki moja, na kila mtu alikuwa amekalia kiti chake akikipima.

Mughwai ndiye aliyecheka. Aliona Mnyiramba kaupeleka utani mbali kuliko alivyotegemea, mpaka mbele ya meneja, na mtu akikurushia kubwa namna hiyo huwezi kuliacha lianguke chini. Akasimama.

"Ni kweli! Nimeiba! Nimemla na supu nimekunywa, mifupa nimewapa mbwa, na mbwa wamesema Mnyiramba hajui kufuga, jogoo alikuwa mgumu kama mwenyewe!"

"Umekiri," akasema Clement.

"Nimekiri, bosi! Na mafuta pia! Mashangazi zangu wanawasalimu!"

Akacheka, akawageukia wenzake wacheke. Mmoja alijaribu, kicheko kikamfia mdomoni. Mughwai akamgeukia Hezekia. Akamsubiri. Ilikuwa zamu ya Hezekia kusema, ilikuwa hapo hapo, neno moja, na mdomo wa Mughwai ulikuwa bado wazi kwa kicheko, meno yote nje, anamsubiri.

Hezekia alikuwa anautazama mpira.

Clement akasema amesikitika. Akasema kwa kuwa mtu amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi, kampuni haitampeleka polisi, itamwacha aende salama, ila akabidhi funguo sasa hivi. Na kwa kuwa habari za mafuta zimesambaa, atawajulisha wenzake wenye mashine za Kiomboi na Singida, wawe waangalifu. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani.

Mughwai alifunga mdomo taratibu. Akatoa funguo mfukoni.

"Tusiachane kwa uchungu," akasema Jesca. Alikuwa analengwa na machozi tena. "Tafadhali. Mtu anaondoka, lakini asiondoke bila utu wake. Mzee Hezekia, wewe uliyeumizwa, una nguvu ya kuponya. Mwambie mwenzako neno jema. Moja tu, kutoka moyoni."

Hezekia akasimama na mpira wake. Alisimama vibaya, mkono kiunoni.

"Mughwai," akasema. "Wewe ni mchapakazi. Ni mtu wa watu. Tumefanya kazi vizuri. Nakutakia kila la heri."

Hapo ndipo Mughwai alipobadilika uso. Wizi alikuwa bado hajauamini, lakini hilo alilisikia.

"Hezekia," akasema. "Siku ya mke wangu uliingia kaburini ukatukana ukoo wetu mzima, nikapata nguvu ya kula. Nikasema na mimi nikifa atakuja kunitukana. Sasa unanisifu niko hai?"

"Vizuri," akasema Jesca. "Toa yote, kaka."

Mughwai hakutoa kitu. Aliweka funguo juu ya kiti chake, akavuka katikati ya duara, akatoka.

Watu wakaanza kukunja viti. Hezekia alibaki amesimama na mpira mpaka Mama Amne alipokuja akamnyang'anya. Alimtazama, kisha akatema mate chini pembeni ya kiatu cha Hezekia. Ni kama hapo ndipo alipozinduka. Akakimbia. Mtu ambaye alikuwa hainami kufunga kamba za viatu alikimbia mpaka getini ameshika kiuno, akatoka barabarani. Mughwai alikuwa amesimamisha lori la kwenda Singida, anaongea na utingo.

"We Mnyaturu!" Hezekia akapiga kelele. "We punda! Unakwenda wapi na hicho kichwa kama sufuria la msikitini? Rudi ulipe jogoo wangu, mwana wa fisi!"

Mughwai akageuka. Akavua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee Hezekia," akasema. "Asante kwa kunisindikiza. Umsalimie mama, Mungu awajalie afya."

"Usinisalimie mimi! Nitukane! Mughwai! Mama yako alikuzaa kwenye zizi, nakwambia! Baba yako alimwoa punda kwa mahari ya chumvi! Nitukane basi, mshenzi wewe!"

"Ubaki salama, mzee," akasema Mughwai, akapanda.

Lori likaondoka. Hezekia akaendelea. Alitukana lori, akatukana vumbi lake, akatukana Mtinko na visima vyake na kila aliyezaliwa huko, matusi ya nguoni ambayo hata mtani hamwambii mtani. Machozi yalikuwa yanamtoka na kamasi. Wauza vitunguu wa barabarani waliacha biashara wakamtazama.

Alipogeuka, Clement na Jesca walikuwa wamesimama getini.

"Kifungu cha kwanza, mzee," akasema Clement.

"Na tulikuwa tumefika mbali," akasema Jesca. Alikuwa na huzuni kweli. "Dakika hii tu tumetoka kwenye duara, mzee wangu. Unaona jinsi kidonda kinavyorudi?"

"Nilikuwa namtania," akasema Hezekia. "Bosi, ilikuwa utani. Yote. Mafuta, jogoo, yote ilikuwa utani, kila mtu anajua, waulize."

"Sasa umelisema," akasema Clement. "Ungelisema ndani." Akapangusa vumbi kwenye suruali yake. "Siwezi kufukuza wawili siku moja, mwenye kiwanda ataniambia namuulia kiwanda. Zamu nitampa Philipo, yule wa mizani, hana maneno. Wewe nakusaidia, mzee. Kwenye magunia kuna nafasi moja."

Hezekia alikwenda nyumbani. Kristina akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Jumatatu wanaanza saa ngapi.

Jumatatu lilikuja lori la alizeti kutoka upande wa Mkalama. Wabebaji walipanga mstari nyuma ya bodi, mmoja mmoja anageuka, anapokea gunia mabegani, anakwenda. Zamu ya Hezekia ikafika. Aliyekuwa juu ya lori alisita, akamtazama Philipo. Philipo alikuwa amekaa kwenye kiti, akatikisa kichwa kwamba endelea.

Gunia likamshukia. Hezekia alishuka nalo mpaka goti moja likagusa chini, na sauti ikamtoka ambayo si neno.

Jesca alikuwa amekuja kuaga, kazi yake ilikuwa imekwisha. Aliacha mkoba wake kwenye gari akaja mbio na raba zake nyeupe, akachuchumaa mbele yake ili watazamane usoni.

"Usipinde mgongo, mzee wangu. Kosa ni hapo. Pinda magoti, mgongo uwe wima kama mlingoti. Nitazame mimi. Sasa vuta pumzi, polepole, mpaka tumboni. Unaweza. Vuta."

Hezekia akavuta. Akainuka nusu, akainuka, miguu inatetemeka, akaanza kwenda. Mahali pale zamani mzee akitembea hivyo na gunia angetukanwa na watani wake wote mpaka afike stoo, na yeye angejibu. Wabebaji walisogea pembeni wakampisha kwa heshima, na hakuna aliyesema kitu.